Ndege ya Mikia Miwili

Kuna ndege ilimuua kijana wa Bujumbura bila kupaa.

Yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Magurudumu yamezama mchangani, vioo hakuna.

Nisikilize nikueleze, maana aliyeanzisha mambo haya ni mtu ninayemfahamu, na si mtu mbaya.

Loïc anafundisha jiografia kwenye lycée moja, shule ya sekondari, mtaani Kamenge. Hana mke, hanywi, hashabikii timu yoyote. Ugonjwa wake ni ndege za zamani.

Alikuwa kwenye group moja la Facebook lenye watu wa kila nchi. Mmoja anaweka picha ya ndege ya ajabu, wengine wanashindana kuitaja jina. Humo Loïc alikuwa moto. Rangi hakuijali, alisema rangi hupakwa upya. Aliangalia mkia, madirisha, na namna miguu inavyojikunja. Ungemwonesha kipande cha bawa tu, angekutajia.

Siku moja akaja Mama Darius, jirani yake wa mtaa wa Gasenyi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mwanawe Darius aliondoka akisema amepata kazi ya ulinzi Dubai. Tangu hapo aliandika kwa nadra, maneno mawili matatu. Sasa ilikuwa imeingia picha kutoka namba ngeni: Darius amesimama juani, amekonda, na nyuma yake ndege chakavu.

“Mwalimu, Dubai iko na ndege ya kuoza hivi?”

Loïc hakuhitaji hata kuikuza. Tumbo fupi nene, injini mbili, na nyuma ya kila injini boriti ndefu inayoishia kwenye mkia wake. Noratlas. Wafaransa walibebea askari miaka ya hamsini na sitini. Zilizobaki duniani si nyingi.

Jina alikuwa nalo. Mahali hakuwa napo. Akamwambia Mama Darius kwamba group litajua.

Mama akasitasita. Akaomba kitu kimoja tu, uso wa mtoto wake usionekane. Loïc akaukata uso, akabakiza ndege, akaandika: “Nani anajua huyu bibi kizee amelala wapi?”

Wee! Picha ikawaka.

Mzee mmoja aliyekuwa rubani akajibu kwamba anaifahamu. Akataja nchi ya jangwani, akataja uwanja uliotelekezwa karibu na machimbo ya dhahabu. Mwingine akaleta picha ya satelaiti. Ukurasa mkubwa wa wapenda ndege ukaichukua na kuisambaza, jina la Loïc juu kabisa. Pongezi zikamiminika. Wakampa na uongozi wa group.

Kichwa kikamvimba kidogo. Nani kisingemvimba?

Alimweleza Mama Darius ukweli wote. Si Dubai. Ni jangwani, kwenye dhahabu, kwa watu wenye bunduki. Mama alilia, kisha akamshika mikono yote miwili akamshukuru, kwani sasa angalau alijua aombee upande gani.

Baada ya hapo, kimya. Ile namba ngeni ikazimika.

Miezi ikapita. Halafu Darius akarudi.

Alishuka kwenye basi ngozi na mifupa, kovu jipya shingoni. Gasenyi nzima ilijaa uani kwao. Fanta, brochette za nyama, nyimbo za kanisa. Loïc akaenda kifua mbele, akijua lazima atasemwa vizuri. Na kweli, Mama Darius alisimama mbele ya watu akasema ni mwalimu huyu aliyemuona mwanawe kwa kusoma ndege.

Darius hakucheka. Alimvuta Loïc nyuma ya nyumba.

“We ndiyo uliweka ile picha?”

Loïc akasema ndiyo, na uso aliukata.

“Uso ulikata. Ndege ukaiacha.”

Akamsimulia kwa sauti ya chini. Kule simu zilikuja kukatazwa, wakanyang'anywa. Mmoja tu aliificha yake, Djibril, kijana wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu hapo Bujumbura, waliyesafiri pamoja. Darius ndiye aliyembembeleza ampige picha amtumie mama. Wakubwa wa kambi walipoiona ile picha mtandaoni, wakawapanga wote mstari wakauliza simu ni ya nani. Wakaipata kwa Djibril.

“Hakunitaja,” Darius akasema. “Na mi sikufungua mudomo. Walimupeleka nyuma ya ile ndege. Tulisikia.”

Mahali palikuwa pameshajulikana, kwa hiyo kambi ikahamishwa haraka. Ndani ya vurugu za njiani, Darius akatoroka.

“Picha yako ndiyo ilinitoa, mwalimu. Mama hajui ya Djibril. Usimuambie.”

Loïc alirudi kwake, akafuta ile picha, akajitoa kwenye group. Kazi bure. Ilishatapakaa.

Jumapili iliyofuata, mchana, mlango ukagongwa. Mama wa makamo, ushungi mweupe, simu mkononi. Akajitambulisha kuwa anaitwa Mwanne wa Buyenzi. Alielekezwa na Mama Darius.

“Asalam aleikum, mwalimu. Naambiwa unasoma ndege. Nisomee na hii.”

Picha ya mwisho ya mwanawe. Djibril, meno yote nje, ameegemea boriti. Nyuma yake, mikia miwili.

Loïc aliitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

“Hii siijui, mama.”

Mwanne hakukata tamaa. Akasema kwa upole kwamba hata ile ya Darius ilijulikana na wengine.

“Basi weka ku internet. Watu watusaidie.”

“Apana, mama. Siwezi.”

“Ya mutoto wa kanisa lako uliweka.”

Loïc akamrudishia simu. Mwanne akaifunga ndani ya kitenge chake, akaondoka.

Mpaka leo Buyenzi wanasema mwalimu yule anasaidia wa dini yake tu. Hajibu. Darius ameoa, anaendesha pikipiki, na akipata abiria wa Buyenzi anamwambia atafute mwingine. Mwanne bado anazunguka na simu yake, anamuonesha kila mtu.

Wewe unayesoma hapa, una kidole chepesi cha kusambaza. Sawa. Ila kila picha ina watu wawili, yule unayemuona na yule aliyeipiga. Ukikata uso wa wa kwanza, usidhani umemficha wa pili.