Fimbo Tano za Fundi Meno

Mtu anayetengeneza meno ya bandia hushinda na vinywa vya watu asiowaona. Daktari humletea kalibu ya plasta ya kinywa cha mgonjwa, naye hupanga jino moja moja juu ya nta, hupiga msasa, huandika namba ya mgonjwa kwenye boksi, basi. Fundi wetu alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, katika chumba chenye dirisha moja juu ya duka la miwani, na kila aliyemjua alimwita Fundi Meno. Hata mkewe alimwita hivyo, hata mbele ya wageni.

Huyo mkewe alikuwa amefariki miezi mitano na ushei kabla ya Ijumaa hii ninayowasimulia. Najua mtaniuliza kama alilia. Hakulia. Alizika, akapokea mikono ya watu, Jumatatu akarudi kwenye nta yake. Wale wanaotoka kuchomwa sindano ya ganzi mnawajua? Mtu anang'ata mdomo wake mwenyewe, damu inamchuruzika, na yeye anakuuliza mbona unamtazama. Basi alikuwa vile.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimembakia mlangoni kikimgojea, nacho kilikuwa begi la gofu. Yeye na mkewe walicheza kila Jumamosi asubuhi na watu wawili: Karani, mzee mstaafu wa mahakama ambaye kanuni za mchezo alizihifadhi kama sala, na Mpima, mpima ardhi mwenye tumbo na maneno mengi. Karani ndiye aliyetunza orodha ya vikundi uwanjani hapo. Na kanuni ya uwanja ilikuwa wazi: anayekaa miezi sita bila kurudisha kadi ya hesabu ya mipigo iliyotiwa sahihi, ya mashimo tisa kamili, anapoteza nafasi yake ya Jumamosi. Daktari mmoja wa mifugo alikuwa anaingojea nafasi hiyo tangu mwaka jana. Miezi sita ya Fundi ilikuwa inaishia kesho yake, Jumamosi.

Je, aliitaka nafasi yenyewe? Aliitaka kama mtu anavyoutaka mkono uliokufa ganzi. Huusikii, lakini akija mtu na shoka utauficha mgongoni.

Tatizo lilikuwa begi. Kanuni inasema mchezaji asibebe zaidi ya fimbo kumi na nne, na wawili wanaocheza kama wenza wanaweza kuzichangia, mradi jumla isivuke hizo kumi na nne. Basi wao walikuwa na begi moja, wakilibeba kwa zamu: saba za bwana, saba za bibi. Kila Ijumaa mke alikuwa akizipanga, Fundi akifunga zipu. Katika miaka yote ile hakuwahi kujichagulia hata fimbo moja. Sasa ilibidi abebe peke yake, na bega lake la kulia, kwa kuinamia plasta miaka yote, lilikuwa bovu.

Alasiri ile akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshonaji, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Hodi! Shemeji, upo, au nawe umeshamwagiwa plasta?"

"Nipo."

"Hiyo ndiyo sauti ya mtu aliyepo? Haya. Kesho unaenda huendi?"

"Naenda. Sijui nibebe nini."

Shemeji akalitazama begi, akaketi sakafuni bila kuambiwa karibu. Fimbo zote kumi na nne zilikuwa zimevaa vifuniko vya kitambaa alivyovishona mwenyewe siku za nyuma, vya buluu kwa Fundi na vya manjano kwa dada yake. Akashika kimoja cha manjano, akakiachia.

"Kwanza tutoe za dada," akasema, safari hii bila utani.

"Tutoe."

Wakazitoa kwa rangi. Manjano, manjano, manjano, mpaka saba. Shemeji akazifunga katika kipande cha kitambaa cha mashuka, akakaza fundo, Fundi akaubeba mzigo mpaka kabatini akaulaza nyuma ya makoti. Akafunga mlango wa kabati. Alikumbuka baadaye kwamba wakati anafunga alikuwa anawaza kuhusu jino la mgonjwa mmoja, la juu kushoto, lililokuwa jeupe kupita wenzake.

"Bado saba," shemeji akasema. "Nawe una bega la bibi kizee. Hii ndefu ni ya nini?"

"Dreva. Ya kupigia mpira wa kwanza, uende mbali."

"Unaenda?"

"Unaenda kwenye miti."

"Basi ya nini kubeba kitu cha kukupeleka kwenye miti, na miguu unayo?"

Neno hilohilo Karani alikuwa akilisema miaka yote, kwamba mtu mwenye handikapu ya thelathini na nne dreva aiache nyumbani. Handikapu ni namba anayopewa mcheza gofu ili dhaifu na hodari waweze kucheza pamoja: ikiwa ndogo, wewe hodari, ikiwa kubwa, ndiyo wewe Fundi. Ya marehemu ilikuwa ishirini na moja. Ni yeye aliyekuwa akiiweka dreva begini kila wiki, kwa sababu alipenda kumwona mumewe akijaribu.

Fundi akaitoa, akaisimamisha pembeni.

"Na hii?"

"Chuma namba tano. Haijawahi kunitii."

"Nje. Mtoto asiyetii hatumpeleki kwa watu."

Zikabaki tano: fimbo ya kichwa kinene, chuma namba saba, chuma namba tisa, fupi ya mipigo ya karibu, na ile ya kutolea mpira mchangani. Fundi akalipachika begi begani. Lilikuwa jepesi hata likamzunguka tumboni.

"Unaonaje?" shemeji akauliza.

"Sawa," akajibu. Neno hilo alikuwa akilijibia kila kitu siku hizo.

Jumamosi shemeji akamfuata uwanjani kwa miguu, kwa kisingizio cha kutaka hewa. Karani alikuwa amekwisha kufika, kofia imenyooka. Mpima akamkumbatia Fundi, akamwangalia begi.

"Tano tu? Wewe umekuja kucheza au umekuja kuchunga mbuzi?"

Shimo la kwanza halikuwa baya. Kwa ile ya kichwa kinene mpira ukaenda nusu ya njia, lakini ukaenda sawasawa, jambo ambalo Mpima alilipigia makofi. Chuma saba, chuma saba tena, fupi moja, mpira ukatua kwenye nyasi zile zilizonyolewa kama zulia, pale lilipo shimo lenyewe. Sasa ikabaki kusukuma tu. Fundi akainama kwenye begi kutafuta fimbo ya kusukumia.

Akatafuta kwa mkono. Akatafuta kwa macho. Akazihesabu, tano, kana kwamba zinaweza kuzaana.

Hapo ndipo alipokumbuka. Fimbo ya kusukumia walikuwa nayo moja tu, ya mkewe, fupi kwa kimo chake. Fundi alikuwa akiinama nayo, na mgongo wake ulishazoea. Na kwa kuwa ilikuwa ya mke, ilivaa manjano.

Shemeji alikuwa amesimama pembeni akiona uso wake. Akashika mdomo.

"Ya kusukumia," akasema. "Tumeifunga kabatini pamoja na za dada. Ooh, shemeji, ni mimi na rangi zangu!"

"Ni sisi," Fundi akasema.

Mpima akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Fimbo ya mbali haiui nyoka! Wazee walisema, na leo iko wapi? Kabatini!" Halafu akajua iko kabatini pamoja na nini, akaanza kufuta mpira wake uliokuwa safi.

Karani akakohoa. "Siwezi kukuazima yangu, kanuni hairuhusu. Lakini hujafikisha kumi na nne, kwa hiyo unaweza kuletewa yako, mradi tusisimame kukungoja."

"Nipe ufunguo," shemeji akasema. "Nakwenda na kurudi, mkifika shimo la nne mimi nipo."

Fundi akatia mkono mfukoni, akaushika ufunguo. Aliliona lile fundo la kitambaa likifunguliwa, na zile saba zikitandazwa sakafuni, kisha mtu akizifunga tena. Kufunga mara moja ameweza. Mara ya pili hakuwa na hakika. Akautoa mkono mtupu.

"Acha. Nitasukuma na chuma saba."

"Na chuma saba!" Mpima akasema. "Bwana, hiyo ni kunywa uji kwa uma."

Na kweli ikawa uji na uma. Chuma saba huunyanyua mpira badala ya kuuviringisha. Unaruka, unapita, unarudishwa, unapita tena. Shimo la pili mipigo minne kwenye zulia peke yake. La tatu mitano. Kundi la nyuma likaanza kusimama wakiwatazama, mikono kiunoni. Fundi akapiga, akahesabu, akamwambia Karani, Karani akaandika. Hakuona aibu. Hakuona chochote, jua lilikuwa mgongoni, hilo alilijua kwa sababu kivuli chake kilikuwa mbele.

Shimo la sita zulia lake lina mteremko. Akapiga, ukapita. Akapiga, ukarudi mpaka miguuni pake. Kwa mpigo wa sita mpira ukazunguka mdomo wa shimo, ukateremka mteremko wote. Mpima hakuwa na utani tena.

"Fundi, okota mpira, ndugu yangu. Hakuna atakayekulaumu. Mwenye msiba ana udhuru wake."

"Akiokota, kadi imekufa," Karani akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma.

Fundi aliinama. Shemeji aliona ameinama, na aliniambia hata yeye hakujua kama anauokota. Vidole vilikaa juu ya mpira, kama vinavyokaa juu ya nta kuona imepoa. Kisha vikaondoa jani kavu lililokuwa mbele yake. Akasimama, akapiga. Ukapita. Akapiga tena, kidogo, kidogo sana, ukaingia.

"Ngapi?" Karani akauliza.

"Kumi na tatu."

Mashimo matatu yaliyobaki wakayacheza yote.

Wakamaliza, wakakaa kwenye meza ya barazani. Karani akavaa miwani, akapita kila mstari kwa ncha ya kalamu.

"Jumla sabini na moja."

"Ndiyo."

"Shimo la sita mimi nilihesabu kumi na mbili, ndizo nilizoandika."

"Mpigo mmoja hukuuona, ulikuwa umeangalia kundi la nyuma. Kumi na tatu."

Karani akamtazama juu ya miwani, akarekebisha, akajumlisha upya, sabini na mbili. Akatia sahihi, akamgeuzia kadi. Fundi akatia yake, herufi ndogo zilizonyooka za mtu aliyezoea kuandika kwenye maboksi.

"Handikapu itapanda," Karani akasema.

"Ipande."

"Daktari wa mifugo nitamwambia asubiri." Akaikunja orodha akaitia mfukoni. "Saa moja na nusu, kama siku zote."

Fundi alingoja aone atasikia nini. Hakikuja kitu. Bega lilimuuma kidogo, akaliacha liume.

"Shemeji, ungecheka basi, japo kidogo," shemeji akasema. "Umefuzu."

"Nitacheka."

"Lini?"

Akafikiri kweli, kama aliyeulizwa meno ya mgonjwa yatakuwa tayari siku gani.

"Jumamosi ijayo hivi," akasema.