Vitambaa vya Mgongo wa Kochi

Mume wangu ni fundi makochi. Kama hujawahi kuolewa na fundi makochi, usiombe. Watu wanadhani kazi yake ni kupigilia kitambaa kipya na kukabidhi kochi linalong'aa. Hawajui kwamba kabla kipya hakijavaliwa, cha zamani lazima kivuliwe, na wa kukivua ni yeye, kwa koleo na bisibisi, pua yake humo humo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya sebule aijuaye fundi makochi. Amekuta humo mifupa ya kuku, kucha zilizokatwa, chingamu zilizotafunwa zikabandikwa chini ya mkono wa kochi, jino la mtu mzima, na siku moja panya na wanawe, wote wamekauka. Haya yote ananisimulia tukiwa tunakula. Yeye haoni tabu. Mimi naweka kijiko chini.

Nyumbani ananiita Mkaguzi, kwa sababu nanusa kila kitu kabla hakijafika mdomoni au mwilini. Kinyaa changu sikukiokota njiani, nimerithi kwa mama. Mama ni mtu wa kuosha sabuni kwanza ndipo ainawie. Siku nilipomwambia nimepata mchumba na kazi yake ni makochi, aliniangalia juu mpaka chini. "Mchagua nazi hupata koroma," akasema, kisha akaenda kunawa mikono.

Tangu siku hiyo mama hajawahi kumpa mume wangu kiganja. Wakisalimiana anampa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekatizwa akiosha vyombo, hata kama alikuwa amekaa tu. Enzi baba yuko hai na wanaishi kwao, Fundi alikaribishwa barazani. Kiti kilitolewa nje, maji yakatolewa nje, sebuleni hakukanyaga. Na mama akija kwetu, anakaa ukingoni mwa kiti, anauliza habari za watoto, anasema ameshiba. Hajala kwangu hata tonge moja tangu niolewe. "Mikono ya mumeo inanuka gundi," aliniambia. Inanuka kweli, nitabishaje?

Sasa sikia. Mwezi wa nane, jua kali, hakuna anayewaza Krismasi, Fundi akaingia kutoka banda lake la kazi huko uani akanitangazia, "Krismasi hii mama atakula hapa."

"Nani kasema?"

"Nimempigia simu. Kasema watakuja kukaa, yeye na dada yako."

Mama anaishi kwa dada yangu mkubwa tangu baba afariki. Nikamwambia Fundi, "Amesema kukaa. Hakusema kula."

"Akikaa, atakula. Nitamwekea meza mpaka ashindwe kukataa."

Kumbe mtu alikuwa amekwisha kufanya mipango. Kila Krismasi dada yangu hutuma picha za meza yake, mishumaa, maua, vitambaa vya kufutia mdomo vimekunjwa kama kanga za bibi harusi. Fundi alikuwa amezitunza zote kwenye simu. "Hivi ni vya dukani," akaniambia, anazipitisha kwa kidole chenye ukoko wa gundi. "Mimi nitatengeneza vyote kwa mkono wangu. Ndiyo maana naanza mapema."

Ndugu yangu, kuanza mapema ni kuanza kuteseka mapema. Kwanza ikaja miguu ya makochi ya zamani, akaikata, akaitoboa katikati iwe ya kusimamishia mishumaa. Hiyo sikuwa na neno nayo, mti ni mti, ukiupiga msasa unasafika. Halafu akaleta springi. Akazisugua kutu sebuleni kwangu, akazipaka rangi nyeupe, akazipanga moja juu ya nyingine, kubwa chini, ndogo juu, akasema huo ndio mti wa Krismasi. Mtu akipita karibu, mti mzima unatingishika kama unakataa jambo. Halafu akasaga mabaki ya sponji eti yawe theluji. Ile theluji ilipeperuka mpaka jikoni. Niliikuta kwenye sukari, niliikuta kwenye mswaki wangu, na siku moja binti yetu alikohoa ikamtoka. Siku hiyo nilifagia theluji yote nikaitupa, na Fundi akaninunia.

Lakini hayo yote yalikuwa ya kuchekesha tu. Kilichonivunja moyo ni vitambaa vya kufutia mdomo.

Fundi makochi hatupi kitambaa cha zamani. Mteja akishachukua kochi lake, yale magamba yanabaki kwa fundi, anayatumia kufungia, kufutia, kutandikia. Mume wangu akaamua kuyatumia kufutia midomo ya mama yangu na dada yangu. Aliponiambia, nilimkatiza pale pale.

"Kitu kilichokaliwa na makalio ya watu miaka yote, unipe nipitishe mdomoni?"

"Mkaguzi, tulia nikufundishe." Akageuza kochi lililokuwa bandani, akanionyesha upande wa nyuma. "Mgongo huu hakuna aliyeukalia. Maisha yake yote unaangalia ukuta. Kwenye kochi lolote, kitambaa cha mgongo ndicho kilichobaki kama siku kilipotoka dukani. Nitakata migongo peke yake."

"Mgongo umeshonewa kwenye kochi hilo hilo."

"Nitachemsha."

Akachemsha. Mimi nimesimama pembeni na kijiti, pua nimeifunga kwa upindo wa gauni. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai, ya pili rangi ya kahawa, na juu yake ukoko wa povu wenye nywele ndani, nyeusi na za mvi, za watu tusiowajua. Harufu ikapanda, ya vumbi, jasho na mbwa aliyelowana. Nilitapika nyuma ya banda. Nikamwambia la kuvunda halina ubani, hata uchemshe mpaka mwakani. Yeye akamwaga, akatia sabuni, akachemsha tena. Nilipolala kitandani bado niliisikia ile harufu kwenye nywele zangu.

Migongo mingi hakuipenda mwenyewe, mingine ilififia, mingine ilikuwa na madoadoa. Halafu siku moja muuza samani chakavu wa nyuma ya soko akamletea kochi moja kuukuu alivue, abakize fremu. Fundi akaingia ndani na mgongo wake begani, anatabasamu kama kashinda bahati nasibu. Kitambaa cha kijani kilichokolea, chenye majani ya njano. Kizuri, sikatai, ingawa makochi ya zama hizo nusu ya mji yalikuwa ya kijani vile vile.

"Lilikuwa la nani?" nikauliza.

"Nitajuaje? Yule hasemi. Huenda kalitoa kwa watu waliochoka nalo."

Kwenye kona ya kitambaa palikuwa na mchaniko ulioshonwa kwa mkono. Uzi mweusi, mishono midogo midogo, imelala sambamba. Nikamwambia apakate, apatupe, maana kiraka mezani ni kutangaza kwamba tumeokota. Fundi akapasogeza kwenye mwanga, akapapapasa kwa kidole gumba.

"Mshono kama huu haufumuliwi," akasema. "Aliyeshona hapa anajua kazi."

Tukagombana. Akakata vitambaa kwa namna ambayo kiraka kikaangukia kwenye pembe ya kimoja, akakipiga pindo kama wenzake. Nikaapa hicho atawekewa yeye mwenyewe.

Siku yenyewe ikafika. Niseme ukweli wangu, meza ilipendeza. Mishumaa imesimama juu ya miguu ya kochi iliyopakwa vanishi, mti wa springi umefungwa utepe mwekundu, vile vitambaa vya kijani vimekunjwa vizuri kila sahani na chake. Kuku wanatoa mvuke, mkate nimeoka mwenyewe. Mimi tu ndiye niliyeficha tishu ya karatasi mapajani, chini ya kitambaa, kwa matumizi yangu.

Wageni wakaingia, dada yangu mbele, manukato yake yakaingia kabla yake. Akafuta kiti kwa tishu ndipo akaketi. Mama akampa Fundi kifundo cha mkono.

"Shikamoo, mama. Karibu sana."

"Marahaba, baba. Ahsante, sisi tumeshiba." Hata hajakaa, ameshashiba. Akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikamwona Fundi anaiangalia meza yake. Miezi yote ile, na mtu ameshiba.

Dada akainua kitambaa chake kwa vidole viwili. "Shemeji, umejitahidi. Hivi umenunua wapi?"

Nikautafuta mguu wa Fundi chini ya meza niukanyage. Nilichelewa. Huyu mwanamume hajui kudanganya, hata kwa faida yake.

"Sikununua, shemeji. Ni mgongo wa kochi. Lakini haujakaliwa, na nimeuchemsha sana."

Dada akakiachia kikaanguka kwenye sahani. "Kochi? Umetuwekea kochi mezani?" Akajifuta vidole. "Mama, weka chini hicho. Usikishike. Nyumba hii, kweli..."

Mama hakuweka chini. Alikuwa amekikunjua cha kwake, na nilipotupa jicho nikaona uzi mweusi. Binti yetu ndiye aliyepanga meza, na yeye hakuambiwa lolote kuhusu kiraka. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mama akapitisha kidole juu ya ule mshono, akaenda, akarudi.

"Huu ni mkono wangu," akasema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Hapa pana mshono wangu. Baba yenu alipokuwa hawezi kuinuka mwenyewe, nilikuwa nasimama nyuma ya kochi nampitishia mikono kwapani namvuta akae. Bangili yangu ikanasa, ikachana. Nikashona usiku huo huo. Nyinyi mlikuwa mnaona mbele. Mgongo nilikuwa nauona mimi." Akamgeukia dada yangu. "Kochi langu si liko stoo kwako? Si uliniambia umelifunika nailoni?"

Dada akaangalia mti wa springi. "Mama, si mahali pake hapa."

"Liko wapi?"

"Nilimpa yule mtu wa chakavu. Mama, kwani wewe hukumbuki? Baba alitapika pale. Alijisaidia pale. Lilikuwa linanuka, hata wasichana wangu wa kazi walikataa kuligusa. Nilikuwa naona kinyaa hata kulipita."

"Najua ulikuwa unaona kinyaa," mama akasema taratibu. "Ulikuwa unasimama mlangoni na leso puani. Nani alikuwa anamsafisha?"

Na mimi nilikuwa naona kinyaa pale mezani, lakini si cha kitambaa. Nilimwangalia dada yangu na kucha zake zilizopakwa rangi, zile zilizokuwa zinashika kitambaa kama zinashika mjusi aliyekufa, na nikasikia chumvi imenijaa mdomoni kama siku ile nyuma ya banda. Kumwongopea mjane kwamba kochi la mumewe limetunzwa. Kumwachia aulize habari zake kama mtu anavyouliza habari za mtoto aliye bweni, na wewe unajibu, lipo, mama, halina neno.

Mama akamgeukia Fundi. "Ulijua ni la kwangu?"

"Hapana, mama. Sebule yako siijui."

Maneno yale aliyasema bila ubaya, kama anavyosema kila kitu. Mama akainamisha macho.

"Mbona hukuufumua?"

"Ningeufumua vipi, mama? Mshono umetulia vile. Mke wangu hapa aligombana nami, muulize. Nikamwambia aliyeshona hapa ni fundi."

Mama akaweka mkoba chini sakafuni, mama yangu, ambaye mkoba wake haujawahi kugusa sakafu ya mtu. Akatandaza kile kitambaa mapajani, akajivuta nyuma kwenye kiti mpaka mgongo wake ukaegemea.

"Mkate ule," akasema.

Nikainuka upesi kufuata kisu na koleo la kuchukulia.

"Wewe kaa." Akamtazama Fundi. "Nimegee."

Fundi akaangalia mikono yake. Vidole vimepasuka, gundi imeingia kwenye mistari ya viganja, haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Akataka kuinuka. "Ngoja nikanawe tena, mama."

"Umenawa. Nimekuona."

Akaumega. Mama akakinga kiganja chake, wazi, akapokea. Dada yangu akageuza uso pembeni kama anayeona mtu anameza mdudu. Mama akatafuna polepole, akameza, akainua ile pembe yenye uzi mweusi akajifuta nayo mdomo.

"Unanuka gundi," akasema, na akakinga kiganja tena.