Ua Langu la Dirishani na Samadi ya Wifi

Wahusika nawataja mapema ili msomaji asihangaike. Aliyekata mbuni, mti wa kahawa, ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Aliyetaka kuniulia ua ni wifi, dada yao. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini watu wangu nawajua.

Nilipolazwa Muleba, kule nyumbani Ijumbi walishanizika midomoni. Nilirudi nimekonda kama fito, nikakuta wifi kavaa kitenge changu, sufuria zangu ziko jikoni kwa shemeji, na mbuni mzee wa mume wangu umelala chini.

"Shemeji, umeukata kwa nini?"

"Ulikuwa umezeeka, waitu, mwenzetu."

"Na mimi je?"

Akatazama pembeni, shoka mkononi.

Kwenye tawi moja la ule mbuni lilikuwepo ua linaloota juu ya miti. Mume wangu alikuwa hataki mtu alibandue wakati wa kuvuna kahawa. Baadaye, nilipohamia mjini, binti wa mwenye nyumba wangu alinionyesha kwenye simu kwamba linaitwa okidi. Nikalibandua, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda basi la Bukoba. Katika kibanja chote, shamba na nyumba, nilitoka na hilo tu.

Nshambya, hapo hapo Bukoba, nimepanga chumba ambacho dirisha lake linatazama ziwani, na jua la asubuhi linaingia kwa adabu. Ua nililiweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia nililolitoboa chini na ubavuni, ndani nikapanga vipande vya mkaa na magome. Udongo hapana. Lenyewe limezoea kukaa juu likipunga hewa kama mke wa tajiri. Mizizi ikiwa na rangi ya majivu, nalimwagia maji mpaka yachuruzike chini. Ikiwa ya kijani, naliacha. Jani likianza wekundu, jua limezidi, nalivutia pazia. Tukaishi hivyo, mpaka likatoa kikonyo chenye vitumba vidogo. Nikawa nalisalimia kabla ya majirani.

Ndipo wifi akaja kunitembelea. Nikaenda sokoni kumtafutia samaki. Nilivyorudi, ua langu lilikuwa limezama mpaka shingoni kwenye udongo mweusi. Alikuwa kaomba samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, kashindilia, kafunika na nyasi kavu, kisha kamwaga maji ya ndoo nzima. Kilichoniuma zaidi, kazi yenyewe ilikuwa safi. Mgomba ungemshukuru.

"Wifi! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Lilikuwa limekalia mkaa kama sufuria. Mawe, mama yangu! Wewe Mhaya gani, unapanda kitu bila samadi?"

"Hili si mgomba!"

"Basi litajifunza."

"Mti wake mmekata, sasa na lenyewe mnalizika? Mna haraka ya kuzika ninyi!"

Akasema, anatazama sakafu, "Nilitaka nikufanyie kitu kizuri. Kwa ajili ya kile kitenge."

Nilimpa beseni ashike. Tukaliosha, nikakata mizizi iliyovunjika, nikalirudisha kwenye mkaa. Vitumba vyote vilidondoka. Majani yakakunjamana, nikajiona mimi mwenyewe kitandani Muleba.

Tangu hapo wifi akawa anapiga simu kutoka Ijumbi.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi?"

"Wa dirishani, waitu. Wewe tulishaona umegoma kufa."

Nilicheka mpaka nikakasirika. Asubuhi moja nikaona ncha ya mzizi mpya, kijani kibichi, inachungulia kwenye tundu la kopo. Nikampigia mimi. Alipiga kigelegele mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Mvua zilipopita, likachanua. Maua meupe, madogo, na harufu iliyomleta mwenye nyumba mlangoni akidhani nimenunua manukato. Wifi akaja na kitenge changu kakifua na kukikunja. Nikamkalisha mbali na dirisha, mikono juu ya magoti, alitazame kwa macho tu.

Akaomba chipukizi. Nikampa lenye mizizi yake, nikamwelekeza alifunge kwenye mbuni uliobaki, ule ulio mbele ya mlango wa shemeji, naye alione kila akitoka.

"Na samadi, wifi?"

"Samadi kamwekee kaka yako."