Mwajabu Anavunja Jungu Chini ya Bahari

Hapa Kibiti ukitaka samaki ambaye jicho lake bado linang'aa, nenda kwa Mwajabu. Ukitaka na maneno, atakupa bure. Ameuza samaki pale sokoni tangu mwanawe wa kwanza, Nasra, ananyonya, na leo Nasra mwenyewe ana watoto huko Umwe. Ni mzaliwa wa Mbwera, kule deltani, kwenye visiwa na vijito ambako mtumbwi ndiyo baiskeli ya kila nyumba. Ndoa ilimleta Kibiti, na samaki wakamfuata nyuma ndani ya matenga. Mikono yake inapaa magamba na kutoa matumbo peke yake, huku macho yake yako kwa yule mteja anayebonyezabonyeza mali ya watu bila nia ya kununua.

"Huyo si embe, mama," humwambia. "Hata umbonyeze mpaka kesho, haivi."

Basi mwanamke huyu, pamoja na kuwajua samaki wote kwa majina na kwa miiba, alikuwa hajapata kumwona hata mmoja akiwa nyumbani kwake, anaishi. Aliowaona wote walikuwa maiti, au wanakata roho kwenye mtumbwi. Maji ya delta yana rangi ya chai ya maziwa. Ukitumbukiza mkono, vidole huvioni. Jambo hilo halikuwa limemkosesha usingizi hata siku moja, mpaka mwaka huu Hafsa alipompigia simu ya video.

Hafsa ni binti wa kaka yake. Yuko Mafia, upande wa Utende, na kazi yake ni kuwazamisha watalii. Si kuwazamisha wakafa; huwavisha mitungi ya hewa mgongoni, akawashusha kwenye miamba wakaone matumbawe na samaki, kisha akawarudisha juu wazima. Siku hiyo aliwaelekezea simu wageni wake, mtu na mkewe, Wazungu watu wazima, wekundu kama kamba aliyetoka kwenye maji ya moto, wanacheka peke yao. Akaeleza kwamba kwao saa hizi ni baridi kali, theluji inafika magotini, na hao wawili wamekaa mwaka mzima wakiipanga safari hii. Wamepanda ndege juu ya ndege ili waje waingie kwenye maji ya vuguvugu wawatazame samaki.

"Wawatazame tu?" Mwajabu akauliza.

"Wawatazame tu, shangazi. Hata kuwagusa hawaruhusiwi."

Simu ilipokatika, Mwajabu alibaki ameshika kisu hewani. Mtu anaikimbia theluji, anakatisha dunia nzima, anakuja mlangoni kwako kutazama kitu ambacho wewe unakipasua tumbo kila siku na hujawahi kukitazama usoni. Ilimuuma. Kufika alasiri kule kuumwa kulikuwa kumegeuka hamu, na hamu ya Mwajabu haina tofauti na mimba: haifichiki.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani, na kila mwenye akili zake anajua Shaabani ikielekea mwisho watu huvunja jungu. Kabla ya Ramadhani kufunga vinywa vya mchana, ni kupika, kula, kutembea na kucheka kwa akiba. Kundi la wanawake wa mtaa wao, ambalo mwenyekiti wake ni Zuena, mwaka nenda mwaka rudi hukodi gari, hushona sare, huenda kupika pilau ileile chini ya mikorosho ileile, na kurudi na masufuria yaleyale. Kikao kilipofika kwenye rangi ya sare, Mwajabu akasimama. Akasema yeye mwaka huu jungu lake anakwenda kulivunja Mafia, chini ya bahari, na mwenye kutaka aongozane naye.

Walicheka mpaka aliyekuwa ananyonyesha akamtoa mtoto titi. Zuena, kitumbua shavuni, akauliza kama hilo pilau Mwajabu atakwenda kulila na pweza.

"Nitamkuta na adabu," Mwajabu akamjibu. "Pweza hazungumzi na chakula mdomoni."

Walipomaliza kucheka, mkono mmoja ulikuwa juu. Alikuwa Semeni, jirani yake, msuka mikeka, mwanamke ambaye ukimsalimia asubuhi unapata jibu adhuhuri. Alisema anakwenda. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana hakuna aliyetarajia neno la pili.

Ikabaki ruhusa ya mume. Mumewe Hashimu ni fundi cherehani, ana mashine yake barazani, na akiwa na jambo la kufikiri mguu wake huacha kukanyaga. Siku hiyo mashine ilinyamaza kwa muda. Alitaka kujua mkewe atavaa nini huko. Mwajabu akasema kuna nguo ya mpira inayofunika shingo mpaka vifundo vya miguu, na juu yake atavaa kanzu pana mpaka magotini, na kichwani kofia ya mpira, kwa hiyo atakuwa amejisitiri kuliko anavyojisitiri sokoni. Akataka kujua nani atamshika mkono. Akaambiwa ni Hafsa.

"Na ukiogopa?"

"Nani, mimi?"

"Mama Nasra," Hashimu akasema taratibu, "wewe hata kuoga unajimwagia kuanzia mabegani."

Kweli tupu. Mtoto wa delta hafundishwi kupiga mbizi, anafundishwa kutokupiga. Mto una mamba, una viboko, na mama yake Mwajabu aliwalea kwa fimbo na kwa kauli moja, kwamba kichwa kikishaingia majini si chako tena.

"Nenda," Hashimu akamaliza, mguu ukarudi kwenye mashine. "Ila usiende kwa ajili ya kumkomoa Zuena. Bahari haimjui Zuena."

Mwajabu akampigia Hafsa siku hiyo hiyo. Binti alifurahi, akaenda kwa bosi wake, akarudi na siku moja tu, Jumanne moja kabla ya mfungo, nafasi mbili kwenye boti ya kazini. Baada ya hapo hakuna. Ramadhani ikiisha masika yanakuwa yameingia, Rufiji inafurika na matope yake yanatoka mpaka kuchafua njia ya Mafia, na kufika msimu mwingine wa maji maangavu Hafsa mwenyewe atakuwa amehamia Pemba kikazi. Kisha akaweka sharti. Hamshushi mtu asiyeweza kulaza uso ndani ya maji akapumua kwa mdomo, ametulia, mpaka aambiwe basi.

"Shangazi ni shangazi," akasema, "lakini baharini mkubwa ni mimi. Ukishindwa utabaki kwenye boti utulindie viatu."

Akatuma miwani miwili ya kuzamia, na mirija ya kupumulia, kwa mtu wa boti ya Nyamisati, bandari ya kuvukia Mafia, wajifunze nyumbani.

Wiki hiyo soko zima lilisafiri. Mwajabu alipanga safari huku anakata samaki. Mara wataondoka na bajaji alfajiri, mara walale kabisa Nyamisati kwa binamu yake. Mara abebe mikate ya kumimina, mara tangawizi ya kutafuna kwa ajili ya kichefuchefu. Akimshika changu alimhoji kabla hajampasua: nyumbani kwenu wapi, mnalala saa ngapi, huyo mwenye madoa ni mkweo au jirani? Wateja wakawa wanakuja kusikiliza na kuondoka na samaki ambao hawakuwa wamekusudia kununua. Aliwaambia wote kwamba Jumanne hiyo hayupo, anakwenda kuwatembelea wenyewe.

Kasoro moja tu. Kujifunza kulikuwa hakuendi.

Mtoni hakuendeki, hilo halina mjadala. Lakini nyuma ya nyumba Mwajabu ana friji la kulala, lile refu la kufungulia juu, ambalo mota yake ilikufa zamani na sasa ni sanduku la kuwekea samaki na barafu. Wakalisugua kwa majivu na ndimu, wakalijaza maji ndoo kwa ndoo. Semeni akaanza. Alivaa miwani, akauma mrija, akapiga magoti, akainamisha uso ndani, akatulia kama anasoma. Alipoambiwa atoke alitoka, akasema, "Kuzuri."

Zamu ya Mwajabu ilikuwa vita. Aliingiza uso, akavuta pumzi moja, ya pili ikamkaba, akatoka kama ametupwa, maji kwenye pua, mrija unaning'inia. Akalaumu mrija. Wakabadilishana mirija. Akalaumu miwani, akalaumu harufu ya friji, ambayo kwa miaka yote hiyo haikuwa imemkera, akamlaumu na Semeni kwa kumwangalia. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Kila uso ulipogusa maji, moyo ulianza kupiga ngoma ya mtu mwingine. Na sasa ilikuwa Jumamosi, soko lote limeagwa, Zuena anapita mezani kila asubuhi kuuliza pweza anaendeleaje, na Mwajabu anajiona juu ya ile boti, amekaa na viatu vya watu, wakati samaki aliowauza maisha yake yote wako chini ya makalio yake na hawaoni.

Jumapili alasiri alimwambia Semeni ukweli, huku anajifuta uso na khanga. "Shoga, nenda peke yako. Mimi naogopa."

Semeni hakumpa pole. Alivaa miwani yake. "Inama tena," akasema. "Na mimi naingia."

Friji lile lilitosha nyuso mbili kwa kubanana. Wakainama bega kwa bega, wakazamisha nyuso pamoja, na Semeni akageuza shingo kumtazama mwenzake chini ya maji. Kisha akatoka ghafla, akakaa chini mchangani na kucheka, yeye Semeni, anacheka mpaka anajipiga magotini. Mwajabu akatoka nyuma yake anakohoa, anauliza kuna nini cha kuchekesha.

"Bibie, mbona umefumba macho?"

"Nani kafumba?"

"Umeyafumba mpaka yamekunjana. Umevaa kioo cha kuonea, na umefumba macho."

Mwajabu akaivua miwani, akaitazama. Hakuwa anajua. Huko Mbwera nani anafumbua macho majini? Matope yataingia. Maji yakipanda usoni kope hujifunga zenyewe, kama mkono unavyoruka motoni, na hakuna aliyewahi kuziambia kwamba leo ni tofauti. Kumbe siku zote hizo hakuwa kwenye friji la Kibiti. Alikuwa gizani, mto mzima uko juu yake, na mamba wote wa utotoni mwake wamezunguka.

Akavaa miwani tena. Akauma mrija. Akainama, maji yakamgusa mashavu, kope zikajifunga, akazilazimisha.

Kulikuwa kweupe. Jua la alasiri liliingia mpaka chini na kuchezacheza kwenye bati jeupe la friji. Aliiona mikono yake mwenyewe, mikubwa, kovu la mwiba wa samaki hongwe kwenye dole gumba, pete ya ndoa. Kwenye pembe kulikuwa na magamba ambayo majivu hayakuyatoa. Yalinyanyuka polepole yakawa yanaelea mbele ya macho yake, yanawaka na kuzimika, waridi, kijani, fedha. Akapumua. Akapumua tena. Ile ngoma ya moyoni ikatafuta mtu mwingine wa kumchezesha. Akaishika pua na kupuliza kama Hafsa alivyomwelekeza kwenye simu, masikio yakafunguka, akaendelea kutazama.

Alikaa sana. Alikaa mpaka Hashimu akaacha mashine yake na kuja uani, akamkuta Semeni ametulia na mkewe ameinamia frijini kichwa chini. Alimgusa mgongo kwa ile rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa. Mwajabu hakutoka. Akamgusa tena. Sauti ikamjia kwa njia ya mrija, haina maneno lakini maana yake kila mume anaifahamu, na Hashimu akaondoka akiwa ameridhika kwamba mkewe ni mzima.

Jumatatu walivuka kwa boti ya Nyamisati, wakalala kwa Hafsa, na Jumanne ile bahari ya Utende ilikuwa imelala. Hafsa aliwavisha, akawafunga mikanda, akawakagua mara mbili kama mama anayewapeleka watoto madrasa, akakaa katikati yao na kuwashika mkono kila mmoja. Kwenye boti walikuwapo na wageni waliokimbia baridi ya kwao, wakawapungia. Mwajabu aliwapungia pia, akamwambia Semeni kwamba wageni wa mbali wamewatangulia wenye nyumba, na kwamba ndiyo maneno yake ya mwisho mpaka watakaporudi. Akauma mpira wa hewa. Wakashuka.

Kope zikataka kujifunga. Akazikatalia.

Chini kulikuwa na mji. Hakuna namna nyingine ya kusema. Mitaa, vibaraza, milango, na wenyeji wake wakipishana bila kugongana. Changu walipita kundi zima, wote wamegeuka kwa pamoja. Chewa mmoja mkubwa alikuwa mlangoni kwake, kinywa kinafunguka na kujifunga, kama mzee anayevuta uradi. Mwajabu alikuwa amewauza weupe wa macho, waliokauka rangi. Hakuwa anajua kwamba wana rangi hizo. Alitaja "Subhanallah" ndani ya mpira, ikatoka povu, ikapanda juu ya kichwa chake yote.

Halafu akasikia kitu. Sauti ndogo, kavu, kama mtu anatafuna bisi. Akatafuta. Pembeni ya tumbawe alikuwako pono, wa buluu na kijani, anaumauma mwamba kwa yale meno yake, anatema mchanga, anauma tena. Pono Mwajabu amewakata hata hesabu hana, na meno yale ameyatupa kwenye ndoo za takataka. Kwamba yana sauti hakuna aliyemwambia, na sasa pono yule alikuwa anakula chakula chake cha asubuhi umbali wa mkono, hana habari naye kabisa.

Hafsa akamgusa bega, akamwonyesha ishara kwamba muda umekwisha, tupande. Semeni akaitikia kwa kichwa. Mwajabu akageuza uso upande wa pono, kama mtu ambaye hajaona kitu.