Kiwiko cha Elric Yarde

Mchoraji alipofika kwenye mkono wa kulia ndipo ubishi ulipoanza. Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, nakaanga kababu za samaki.

Walikuwa wanamchora Elric Yarde kwenye ukuta wa baa ya Carlisle, inayotazamana na uwanja wetu wa kriketi hapa St. Lucy, kaskazini mwa kisiwa. Miaka kumi ilikuwa imetimia tangu moyo wake usimame akiwa kazini bandarini. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mashabiki walichangishana rangi, walewale waliomzomea, na sasa kila mmoja alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Unyooshe huo mkono," Ossie alimwambia mchoraji. Ossie ndiye anayepuliza kombe la baharini timu yetu inapocheza. "Unyooke kama fimbo ya mwalimu."

"Kwenye picha ya gazeti umepinda," akasema Theron, mchoraji.

"Gazeti lilimwonea. Wewe unalipwa kuchora, si kuhukumu."

"Na hata hiyo kulipwa silipwi."

Wakacheka. Carlisle akatoa kichwa dirishani. "Na shati la mikono mirefu usisahau. Jua la kupasua mawe, yeye kafunga vifungo mpaka chini. Yule kijana alikuwa maridadi, bwana."

"Hata mimi nilifunga," akasema Ossie. "Vijana wote tulifunga. Mama yangu akaniuliza kama nimeota upele."

Wakacheka tena. Mimi nilijua vile vifungo vilikuwa vya nini.

Tulikuwa na miaka kumi, mimi na Elric, enzi za kukimbilia malori ya miwa na kuchomoa mabua. Siku hiyo alikuwa hataki kupanda. Nikamwita mwoga, akapanda, akaanguka na kuulalia mkono. Bibi mmoja muunga mifupa akauunga, ukapona vibaya, na kiwiko hakikunyooka tena. Mama yake akaniapisha nisimwambie mtu, mwanawe asije akaitwa kilema.

Alipokuwa kijana akawa mrushaji mpira wa kasi ambaye watu waliacha glasi zao mezani kwenda kumtazama. Kiwiko alikificha ndani ya shati. Mashati hayo nilimfulia mimi, miaka tisa, kwa buluu ya kung'arisha nguo, nikayaanika juu ya mawe. Miaka tisa bila pete. Timu ya kisiwa ilipomchukua, akaoa binti wa mjini, karani wa benki. Mimi sijui kusoma. Carlisle ndiye aliyenisomea habari ya harusi gazetini, tena kwa sauti, baa nzima ikasikia.

Wiki tatu baadaye nikapanda basi kwenda kumtazama akicheza na Trinidad. Alipokuja mbio kurusha, shati limemganda kwa jasho, nikasimama nikapiga kelele: "Anatupa! Mtazameni kiwiko!"

Kwa mrushaji hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mkono uliokunjwa ukikunjuliwa wakati wa kurusha, huo ni wizi. Wa Elric haukukunjuka kamwe, ulibaki vilevile mwanzo hadi mwisho. Nilijua hilo wakati nafungua mdomo. Benchi langu likadakia, kisha jukwaa zima. Kabla ya chakula cha mchana mwamuzi alikuwa ameukataa mpira wake mara tatu.

Alikuja mlangoni kwangu siku chache baadaye.

"Ianthe, mama hayupo tena, wala yule bibi muunga mifupa. Wakubwa wa kriketi wanasema kiwiko kimeharibika kwa kutupa. Daktari hawezi kusema kimepinda tangu lini. Aliyeniona nikianguka ni wewe tu. Twende ukawaambie."

"Mwambie karani wako akuandikie barua," nikamjibu. "Mimi sikusoma."

"Haya," akasema, akaenda zake. Hakuichezea tena timu ya kisiwa.

Alinidhulumu, na hilo sitalifuta. Lakini dhuluma yangu ilikuwa kuachwa tu. Yeye nilimnyang'anya jina, na nikamwacha afe bila jina hilo.

Theron akachovya brashi aunyooshe mkono.

"Usiunyooshe," nikasema.

Ossie akageuka. "Ianthe, dada yangu, tunajua alikukosea. Sasa unamfuata mpaka kaburini?"

"Ulikuwa umepinda."

"Kwa hiyo alitupa."

"Hakutupa." Nikaepua kikaango, nikawasimulia: lori, bibi muunga mifupa, vifungo. Mechi ya Trinidad nayo nikaisimulia mpaka mwisho. Mlangoni kwangu nako nikafika, na lile jibu nikalirudia kama lilivyokuwa.

"Sauti ya kwanza ilikuwa yako?" Ossie akauliza.

"Yangu."

Akakaa juu ya kreti. "Nilikuwa jukwaa lile. Nililipuliza kombe kumzomea mpaka midomo ikavimba. Miaka yote nimekuwa nikisema walioanza ni Watrinidadi."

"Na wewe," Carlisle akaniambia toka dirishani, "kila mwaka siku ya kumbukumbu yake unakuja hapa, unatuuzia kababu."

"Ndiyo."

"Tunamsifu, unatusikiliza."

"Ndiyo, Carlisle."

Nilitazama chini, kwenye unga uliomwagika miguuni pangu. Mtu mmoja akairudisha kababu yake mezani, imeumwa mara moja.

Theron ndiye aliyesema. Ni mgeni hapa, hakuwahi kumwona Elric. "Sasa mimi nichore nini? Ulipinda kiasi gani?"

Hakuna aliyejua. Walikuwa wameuona ndani ya shati tu.

Nikafuta mafuta kwenye aproni, nikaenda kusimama ukutani, nikapandisha mkono wa shati hadi begani. Nikainua mkono wa kulia, nikaukunja taratibu mpaka pale ninapopakumbuka.

"Hapo?" Theron akauliza.

"Hapo."

Alichora polepole. Bega likaanza kuniuma, kisha mkono ukawa mzito, na watu wote wa baa wamesimama wananitazama.

"Usiushushe," akasema Ossie.

Sikuushusha.