Mshika Nguruwe na Mkewe Asiyeulizwa

Zebulon Thayer alikuwa fundi wa mapipa katika vilima vya magharibi mwa Massachusetts, na kwa miaka sita alikuwa pia mshika nguruwe wa mji wetu. Nguruwe yeyote aliyeonekana barabarani bila pete puani, alimburuta hadi zizi la mji. Kazi hiyo hupewa mtu asiyejua kukataa.

Mwaka ule majaji wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akitutawala, walipofukuzwa, Mchungaji Whitlock alituhubiria saa tatu nzima. Alisema binadamu wote wamezaliwa huru, hakuna mwenye mamlaka juu ya mwenzake ila kwa ridhaa yake, na kwa kuwa mfalme amevunja mkataba wake nasi, sote tumerudi katika hali ya asili, kama kabla serikali haijakuwepo duniani. Wengi tulisinzia. Zebulon alisikiliza mpaka mwisho, na Jumatatu asubuhi akaitundika kamba yake ukutani.

"Niliapa kwa jina la mfalme," alimwambia mkewe, Keziah. "Mfalme hayupo. Mimi nani nimkamate nguruwe wa mtu?"

"Na maharage yangu, nani atayalinda na nguruwe?"

"Yako katika hali ya asili."

Baada ya wiki mbili nguruwe nao walikuwa wameelewa. Walilala katikati ya barabara, na jike mmoja akazalia chini ya mimbari. Mchungaji alipokuta maboga yake yamefukuliwa, alikuja karakanani na matope hadi magotini.

"Thayer, kamata hao nguruwe."

"Yule mwenye sikio lililokatwa ni wako, Mchungaji."

"Basi kamata na wangu."

"Kwa mamlaka ya nani?"

"Ya mji."

"Mji upi? Si ulisema hakuna tena? Mimi sikulala siku ile."

Mchungaji akakalia pipa. Kisha akaitisha mkutano kanisani wa kuanzisha serikali upya.

Zebulon alikubali kurudia kamba kwa sharti moja: kila atakayetawaliwa aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Wanaume arobaini na mmoja walisimama mmoja mmoja. Mzee Ames, ambaye ni kiziwi, aliridhia mara nne, na mara moja kati ya hizo aliliridhia dirisha. Walipomaliza, Keziah akasimama upande wa wanawake.

"Mimi sijaulizwa."

"Mama Thayer, mumeo ameshairidhia kwa niaba yako," alisema karani.

"Zebulon, uliniuliza?"

Zebulon alikuwa mkweli, na hapo ndipo shida zake zote zilipoanzia. "Sikumuuliza," alisema.

"Basi mimi nabaki hapa nilipo. Nyie nendeni kwenye serikali yenu, mkifika mtusalimie."

Walibishana siku mbili kama nyumba moja inaweza kuwa nusu serikalini, nusu katika hali ya asili. Wakapiga kura iwapo wanawake waulizwe: arobaini walikataa, mmoja alikubali. Zebulon akachukua kamba yake. Sheria ikarudi kwa kila mtu isipokuwa mkewe.

Alhamisi nguruwe wa mchungaji, yule wa sikio, aliingia kwenye maharage ya Keziah. Zebulon alifika mbio na kamba.

"Simama hapo hapo," Keziah alimwambia. "Huku kamba yako haifiki."

Akamchinja nguruwe yeye mwenyewe, akamtia chumvi katika pipa jipya la mumewe. Mchungaji alikuja na karatasi ya mashtaka.

"Umeniibia, mama."

"Kuiba ni kuvunja sheria, Mchungaji. Nionyeshe niliyoiridhia."

Mchungaji aliisoma karatasi yake mwenyewe kutoka juu hadi chini, halafu akaigeuza akatazama nyuma. Jikoni nyama ilikuwa inakaangwa. Zebulon, kwa aibu, alimvutia kiti, naye akala sahani mbili.

Kila mwaka walimwendea Keziah kumsihi aingie serikalini, naye kila mwaka aliuliza kama atapiga kura. Walipojibu hapana, aliwakaribisha chai ya majani ya porini na kuwasindikiza hadi uani. Alifariki miaka thelathini na mmoja baadaye. Karani hakujua amwandike kwenye daftari gani, maana hakuwa mwananchi wala mgeni. Zebulon, macho yakiwa mekundu, alimwambia aandike hivi: Keziah, jirani yetu.