Jina la Kijiko Kwenye Kona

Mume wangu ni fundi rangi, na watu humwita Brashi. Mageti ya mtaa mzima yanang'aa kwa mkono wake, isipokuwa letu, ambalo lina kutu tangu nilipoolewa. Ukimuuliza atakuambia zamu yetu inakuja. Kitu kimoja tu kwake hakingoji zamu: mbio za baiskeli za kila mwaka. Zikikaribia hufunga kazi, akapakia kwenye pikapu makopo, turubai na mimi, kwa mpangilio huohuo.

Mwaka huu safari ilikuwa nzito. Mpwa wake, tunayemwita Kijiko kwa wembamba wake, siku hizi anaendesha baiskeli kwa kulipwa. Mwaka jana alianguka kwenye kona kali ya mteremko, akavunjika mtulinga, na tangu hapo kona ile anaiota. Alimpigia simu mjomba wake: "Mjomba, niandikie jina langu palepale. Nikiliona nitajua mpo, sitaogopa." Mama yake, wifi yangu, hakutaka hata kusikia habari za kuja. Siku ya kuondoka alimshika kaka yake mkono dirishani mwa pikapu.

"Nirudishie mwanangu mzima," alisema.

Tulifika siku moja kabla. Brashi akapiga magoti kwenye lami, upande wa nje wa kona, pale waendesha baiskeli wanapopenda kuingilia, akaandika KIJIKO kwa herufi kubwa, nyeupe pe. Alitumia rangi ya mafuta, ileile ya mageti, kwa sababu inang'aa. "Hii haibanduki," akajigamba. Tukalala ndani ya pikapu, magoti yangu yakinigusa kidevu.

Kulipokucha mvua ilikuwa inanyesha. Haikuwa kubwa, ya kulowanisha tu. Barabara ilishafungwa na watu wamejipanga kando. Nikavuka nikalitazame jina letu vizuri. Nilipoikanyaga ile K ya mwanzo, mguu ukaenda zake, nikaanguka chali mbele ya umati. Brashi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka. Aliitazama ndala yangu, akaitazama ile herufi, akatazama juu mlimani.

"Mama watoto," alisema polepole, "wewe umeteleza ukitembea."

Hakuhitaji kumalizia. Wale wanashuka kwa kasi ya gari, tena kwa tairi nyembamba kama kidole.

Brashi alikwangua rangi kwa kisu chake cha kazi. Haikubanduka, kama alivyojigamba. Akachota mchanga wa kando akaumwaga juu ya herufi, kisha akakumbuka kuwa baiskeli huanguka kwenye mchanga vilevile, akaanza kuufagia kwa mikono yake mitupu. Huko juu kelele za watu zikaanza kusikika.

"Nimemuua mtoto wa dada yangu," alisema. Alikuwa analia, mtu mzima na kipara chake.

Ndipo akasimama juu ya jina, akanyoosha mikono.

"Upande wa ndani ni lami tupu. Wakituona watapita kule."

"Na wasipotuona?"

Nikapiga moyo konde, nikaenda kusimama juu ya ile K iliyoniangusha. Askari wa mbio, mwenye kizibao cha njano na bendera, akaja mbio anapuliza filimbi.

"Tokeni! Mnataka kufa?"

"Kanyaga hapo, kaka," Brashi akamwambia.

Akakanyaga. Kiatu kilimkimbia, akanidaka bega asianguke. Alijipanga katikati yetu, akainua bendera, akapuliza filimbi kuelekea mlimani mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Wakatokea. Sikuwahi kuogopa vile, hata siku za kujifungua. Kundi zima lilitujia likiwa limeinamisha vichwa, breki zikilia, nikafumba macho. Upepo ukanipiga ubavuni, maji yakanirukia usoni, mtu akatutukana kwa lugha nisiyoijua. Nikangoja kishindo. Niliendelea kukingoja hata baada ya kimya kuingia.

"Wamepita," Brashi alisema.

"Kijiko yumo?"

"Sijui. Nilifumba macho."

Tulirudi kukaa ndani ya pikapu, simu juu ya dashibodi. Wifi alipiga, Brashi akaitazama tu ikiita. Dada yake akarudia kupiga. Kisha ikaita namba ya Kijiko. Nilibonyeza mimi, maana yeye alishindwa.

"Mjomba, mbona jina langu sikuliona?" Alikuwa anahema bado. "Nililitafuta kona nzima!"

"Nilikuwa nimelisimamia, mwanangu. Rangi ilikuwa inateleza."

"Nilikuona wewe," Kijiko akasema. "Umejitanua katikati ya njia kama geti, unalia. Nikajiambia, kumbe kuna mtu anaiogopa hii kona kuliko mimi. Nikapita."

Brashi alijifuta uso kwa turubai lenye rangi, akajipaka nyeupe shavu zima, na wala sikumcheka. Wifi akapiga tena. Safari hii alipokea.

"Mzima," alisema.